Sauti ya Baba ilipokataa kuingia sebuleni

"HUYU si babako," Mama aliniambia, kisha akauvuta mtandio wake na kugeukia dirishani kana kwamba nimemletea mgeni asiyemtaka.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Februari 2024, katika sebule yangu hapa Nairobi. Kanda ilikuwa ikizunguka kwenye deki, na aliyekuwa akizungumza ni Baba kweli, aliyefariki mwaka 2021. Alijirekodi mwaka 1994 chumbani mwake, Mji wa Kale, Mombasa, akitutajia majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine ili tusije tukapotea. Maneno yote yalisikika. Lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyetumbukia ndani ya tangi la maji, naye anaomba msaada kwa adabu.

Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia Mama kwamba kanda imezeeka. Hakunijibu. Mwanamke aliyeishi na sauti moja nyumbani kwa zaidi ya miaka 40 huwezi kumfundisha sauti hiyo ikoje.

Spika zenyewe, msomaji, ukiziona utazidharau. Zina kimo cha sentimita 30 hivi, upana wa 19 na kina cha 16, yaani kama jozi ya masanduku ya viatu yaliyosimamishwa. Jina lake ni LS3/5A. Zilibuniwa na wahandisi wa shirika la BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio, ambamo spika kubwa hazingeenea. BBC ikawapa watengenezaji kadhaa leseni ya kuziunda. Sanduku lake ni la mbao nyembamba za tabaka, milimita 12 tu, na ukivua kitambaa cha mbele utakuta twita imezungushiwa vipande vya manyoya yaliyoshindiliwa, mithili ya blanketi, ili sauti isigonge kingo za sanduku na kurudi ikiwa imechafuka. Wengi huvidhania uchafu wakataka kuving'oa. Hazikuundwa kutikisa harusi. Ziliundwa ili mhandisi ajue kama mtangazaji anasikika kama alivyo au la.

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya sauti. Mwaka 1986 mkubwa wake kazini, Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao, alimwachia jozi hiyo. Tulikua tukizikuta pale chumbani, na kosa la kuzigusa lilikuwa kubwa kuliko la kuvunja sahani. Nilidhani ni uchoyo. Nilikuja kujua baadaye kwamba jozi ya zamani iliyotunzwa vyema huuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 1,000.

Na hapo ndipo penye fitina. Mama alipohamia kwangu mwaka 2023, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamezikataa ngazi za nyumba ya Mombasa, spika zilikuja naye zikiwa zimefungwa kwa leso. Dada yangu mkubwa ana binti chuo kikuu, na karo, kama ajuavyo kila mzazi wa nchi hii, haina subira. Dada akasema tuziuze. Si kwamba hana moyo. Yeye ndiye aliyemuuguza Baba hadi mwisho, na mimi nilikuwa nikituma pesa kwa simu na kuahidi kuja wikendi ijayo. Kwa hivyo sikuwa na uso wa kumpinga.

Mnunuzi alikuja, kijana nadhifu mwenye viatu vya bei. Akacheza wimbo wake kutoka kwenye simu, akasikiliza dakika mbili, akatikisa kichwa. "Hizi zimekufa, kaka. Koni zimechoka." Akatoa bei ya Sh15,000, tena kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Nilimwambia tutazungumza. Ukweli ni kwamba masikio yangu yalikuwa yamekubaliana naye. Nilichokisikia pale sebuleni kilikuwa kibaya, na nilikuwa tayari kuziacha ziende.

Jumamosi iliyofuata nikaenda mjini kutafuta spika nyingine za kumchezea Mama kanda yake. Muuzaji alinionyesha aina mbili, moja ya bei ya wastani na nyingine ya bei iliyonifanya nitazame mlango. Alipocheza ile ya bei ghali nilishtuka kwa uzuri wake, nikaanza kuhesabu mikopo kichwani. Sikuona, ila mpaka nilipokuwa ndani ya matatu nikirudi, kwamba kila alipohamia ile ya ghali kidole chake kiligusa kitufe cha sauti. Alikuwa akiipandisha kidogo tu. Sikio la binadamu lina udhaifu huo: vitu viwili vikilingana, kile kilicho juu kidogo husikika kuwa bora, wala mwenye sikio hajui kwamba alichokipenda ni kelele.

Jicho nalo ni shahidi wa uongo. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwakalisha watu 40, wafanyakazi wa kampuni ya Harman inayotengeneza spika, wakawachezea spika 4. Kwanza walisikiliza pasipo kuziona, kisha wakasikiliza wakiziona. Walipoziona, alama zilibadilika: kubwa na za bei zikapanda, ndogo ya bei nafuu ikashuka, ingawa sauti ilikuwa ile ile. Lililonigusa zaidi ni hili: walipokuwa hawaoni, kuhamisha spika kutoka mahali hadi mahali chumbani kulibadilisha hukumu yao waziwazi, walipoona nembo, walilisahau jambo hilo kwa kiasi kikubwa. Nami nilikuwa nimeyarudia makosa yao yote bila kulipwa mshahara.

Aliyetuokoa ni ami yetu mmoja. Si ndugu wa Baba wa damu, bali walifanya kazi pamoja miaka mingi, na kwetu sisi huyo ni ami. Alikuja Nairobi kutibiwa macho, akapitia kumjulia hali Mama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajavua koti akapiga makofi. Kofi moja kali, katikati ya sebule.

Mke wangu alitoka jikoni akidhani kuna ugomvi.

"Umesikia?" ami aliniuliza. Akapiga tena. Safari hii nilisikia: baada ya kofi kulikuwa na mlio mfupi wa haraka, trrrr, kama bawa la panzi. Sauti ilikuwa ikirushwa baina ya kuta mbili tupu zinazotazamana, kama watoto wanaorushiana mpira. Kila neno la Baba lilikuwa likifuatwa na mkia huo.

Kisha akazitazama spika. Mke wangu alikuwa amezipanga juu ya kabati la runinga, moja imelala kwa ubavu na nyingine imesukumwa hadi pembeni mwa ukuta, na katikati yake maua ya plastiki. Ami hakusema neno. Alifuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya spika, akacheka peke yake. "Hii umeifunga kinyume."

Nilikuwa nimeunganisha chanya na hasi sawasawa kwenye spika moja, na kwenye ya pili nikazibadilisha. Matokeo yake, koni ya huku ilipokwenda mbele ya kule ilirudi nyuma. Besi za pande mbili hufutana, na sauti ya msemaji ambayo ingesimama katikati hutawanyika isijulikane inatoka wapi. Kosa hili halichomi kitu wala halitoi moshi, na mtu anaweza kuishi nalo miaka akilaumu spika. Ami aligeuza waya, tukacheza kanda. Baba akarudi katikati ya chumba.

Tulifurahi kwa dakika moja hivi. Kwa kuwa besi ilikuwa imerudi pia, na sasa ilikuja kwa kishindo. Kila Baba aliposhuka chini kwa sauti, "Mohamed bin…" ile "mo" ilivuma kama pipa linalobingirishwa barabarani.

Ami aliomba futi. Sebule yangu ina mita 3.6 kwenda huku na mita 3.6 kwenda kule. Nilijivunia umraba huo nilipoihamia, kwa maana zulia halisumbui. Alichukua bahasha ya bili ya umeme akanifanyia hesabu mgongoni mwake, na nimeihifadhi hadi leo. Sauti husafiri mita 344 hivi kwa sekunde. Baina ya kuta mbili zilizoachana kwa mita 3.6, wimbi la mitetemo 48 kwa sekunde huenea kamili, likarudi na kujijazia nguvu lenyewe. Maradufu yake ni 96. Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia kati ya mitetemo 85 na 155 kwa sekunde. Kwa hivyo ile 96 ya chumba changu ilikuwa imekaa pale pale penye koo la Baba. Na kwa sababu chumba ni mraba, upana na urefu vilishirikiana kulivumisha lile lile. Aidha, spika ikikaa pembeni mwa ukuta kila ukuta huiongezea besi, na msikilizaji akikaa na mgongo ukutani, mahali ambapo mawimbi haya yote yana shinikizo kubwa kuliko kwingine, hupokea uvumi wote mzima. Kochi la Mama lilikuwa limeegemea ukuta. Yeye ndiye aliyekaa mahali pabaya kuliko sote.

Niliuliza mbona kule Mombasa hazikuvuma. Mama ndiye aliyenijibu, bila kujua kwamba amejibu. Alisema chumba cha Baba kilikuwa na mikeka, na vitabu, na kitanda cha besera, na kwamba boriti zake zilikuwa zikimwagia vumbi kila Ramadhani.

Ami alipiga paja. Vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba, havifiki mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kubeba dari pana zaidi ya hapo. Kwa hivyo urefu na upana havilingani, na wimbi moja halipati msaidizi. Dari si bapa. Boriti hujipanga kama mbavu, na sauti inayozigonga hutawanyika huku na kule badala ya kurudi kama mpira. Vitabu hutawanya, godoro hunyonya. Baba alikuwa akisikilizia ndani ya chumba kilichomsaidia. Mimi nilizileta ndani ya sanduku la vigae na vioo.

Si jambo geni kwa wataalamu. Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilidumu hewani kwa zaidi ya sekunde 5, wanafunzi wasielewe kitu. Usiku, mji ulipolala, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaipanga humo kidogo kidogo, akapuliza filimbi ya kinanda na kupima kwa saa muda ambao mlio ulichukua kufa. Asubuhi mito ilirudi mahali pake. Mito ilipoongezeka mwangwi ulipungua, hadi zaidi kidogo ya sekunde 1. Kutokana na mito hiyo akapata kanuni inayotumiwa hadi leo, na jumba la muziki la Boston lililofunguliwa mwaka 1900 lilijengwa kwa ushauri wake. Ninapenda kumfikiria akipenya gizani na mito kwapani kama mwizi wa fanicha.

Yetu ilikuwa ni mito ya kochi na blanketi mbili. Spika tulizitoa kabatini tukazisimamisha juu ya vigoda vilivyopandishwa kwa matofali, hadi twita zikawa sawa na sikio la mtu aliyeketi. Tukazivuta sentimita 70 kutoka ukuta wa nyuma na kuziachanisha mita 1.8, kila moja ikigeuzwa kidogo kumtazama msikilizaji, naye akiwa mbali nazo karibu kiasi hicho hicho, ili watatu hao wafanye pembe tatu. Halafu ami akanituma nilete kioo cha mke wangu. Nilikipitisha ukutani polepole, yeye akiwa ameketi mahali pa kusikilizia. "Hapo!" alipaza sauti alipoiona spika ndani ya kioo. Hapo ndipo sauti hugonga ukuta ikaruka kumfikia ikiwa imechelewa kidogo, na hapo ndipo tulipotundika blanketi la kwanza. Upande wa pili vile vile. Pazia jepesi, alisema, hunyonya vilio vya juu tu na kuiacha besi ikifanya itakavyo. Na zile trei za mayai ambazo vijana hubandika kwenye studio zao? Alizitukana neno ambalo gazeti hili halichapishi.

Mke wangu alivumilia mengi siku hiyo, lakini kochi alilikatalia. Kuliondoa ukutani kwa zaidi ya mita moja kungeifanya sebule ionekane kama chumba cha kungojea daktari. Nadhani alikuwa na haki. Tukaafikiana kwamba kochi litabaki, na kutakuwa na kiti kimoja cha mbao kitakachowekwa mahali pake wakati wa kusikiliza tu, kisha kirudi mezani. Maua ya plastiki aliyahamisha mwenyewe bila kuombwa.

Kabla ya kumwita Mama, ami alitaka tujaribu jambo. Jirani yetu ana mtambo mkubwa wenye sabwufa, ambao huitetemesha ploti nzima siku za mwisho wa mwezi. Tukauazima. Ami akatundika leso mbele ya spika zote, akalinganisha ukubwa wa sauti kwa programu ya kupimia desibeli iliyo kwenye simu yangu, akatuchezea taarabu ya Juma Bhalo mara nane, akibadilisha bila kututajia. Zetu hazina nguvu nyingi. Kwa wati 1 hutoa desibeli 82 au 83 hivi kwa umbali wa mita 1, kiasi ambacho ni kidogo, na zikilazimishwa kupiga kelele hushindwa. Ngoma zilipoingia, mtambo wa jirani ulinipendeza mimi, nakiri. Lakini kila mwimbaji alipofungua kinywa, hata jirani mwenyewe alichagua zetu. Ami alituambia wahandisi wa BBC nao walipima spika kwa sauti ya mtu azungumzaye, mtu mwenyewe akiwapo wamlinganishe, kwa kuwa hakuna chombo ambacho sikio linakijua kuliko hicho.

Ndipo tukamwita Mama. Alikaa kwenye kiti cha mbao akiwa ameshika tasbihi, uso wa mtu anayewafanyia watoto hisani. Kanda ikaanza. Baba akakohoa, akasogeza kitu mezani, akaanza kutaja majina.

Mama hakulia, kama nilivyokuwa nimejitayarishia. Aliinamisha kichwa upande wa kulia. Kulikuwa na mlio mdogo kule, kwa mbali, ambao sikuwahi kuusikia katika kanda hiyo, kruu, kruu, kruu, kisha kimya, kisha tena.

"Hiyo ni mbuzi yangu," alisema. "Nilikuwa nakuna nazi. Mlango wa jikoni ulikuwa upande huo." Akasikiliza tena. "Alikuwa akinikataza nisikune anaporekodi. Siku hiyo nilikataa, wageni walikuwa njiani."

Nilimpigia dada simu usiku huo. Aliniuliza swali moja tu, kama bado nataka kuuza, na nilishindwa kumjibu. Alikuja mwisho wa mwezi, na siku hiyo hiyo yule mnunuzi alirudi, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia zimepona. Alisikiliza akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao, safari hii dakika kumi, viatu vyake vikiwa vimetulia. Koni zilikuwa zile zile zilizochoka. Akatoa bei ya Sh110,000.

Dada hakusema kitu. Alimwomba mnunuzi ampishe kitini, akakaa, akaniambia nigeuze kanda upande wa pili. Upande huo sisi watoto tumo. Mimi nina miaka mitano na nalilia kipaza sauti. Yeye ana miaka kumi na mmoja, na anasikika akimwambia Baba kwamba ataniangalia, wao waendelee.

Ilipokwisha alimwambia mnunuzi kwamba chai iko tayari, anywe kabla haijapoa, lakini spika hazipo sokoni. Vile vigoda na matofali tumevibadilisha kwa stendi za chuma alizotuchomea fundi wa mtaani. Karo tuligawana, dada na mimi. Nusu yangu nimelipa awamu mbili, na ya tatu inaningoja mwisho wa mwezi huu.